Kura ya Mwinyi Szentkútay

Kőporos, Jumapili, 24 Septemba 1944

Mvua. Daktari aliyekuwa akinitibu mguu alipakiwa kwenye treni mwezi wa Mei, yeye na mkewe na mama mkwe wake, kwa kosa la kuwa Wayahudi. Niliandika barua wizarani kumwombea. Haikujibiwa. Daktari mpya wa mjini hawezi kufika, maana barabara imejaa magari ya jeshi yanayorudi nyuma. Basi nimekaa, mguu juu ya kiti, na Bi Veronka ameniletea daftari.

"Andika, Mwinyi," kasema. "Ukikosa wa kulalamikia unanilalamikia mimi."

Bi Veronka Bodnár ameitunza nyumba hii miaka thelathini na moja, na tangu mke wangu afariki ndiye mtu pekee anayenikaripia.

Niandike nini? Mimi ni Ödön Szentkútay, mwinyi wa Kőporos, umri sitini na tisa. Nilikuwa mbunge miaka ishirini na miwili, ndani yake waziri wa kilimo kwa miezi kumi na mmoja. Kisha nikapandishwa Baraza la Juu la Bunge. Mwaka 1941, nchi ilipoingia vitani dhidi ya Warusi, nikajiuzulu. Magazeti yalitangaza kwa mistari mitatu, chini ya habari ya maonyesho ya ng'ombe. Nilidhani wataniita msaliti. Hawakuniita chochote.

27 Septemba

Mvua. Mguu vilevile.

30 Septemba

Mzee Mihály, msimamizi wa mizabibu, kaja na kishada mkononi. Ukungu wa kuvu umeanza kuzishika zabibu, ule ukungu mwema unaozisinyaza zikawa tamu kama asali. Mvua ikikatika tutavuna Siku ya Simoni na Yuda, mwishoni mwa Oktoba, kama kawaida. Ikiendelea, zitaoza.

"Na nani atavuna?" nikamuuliza.

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza wewe, Mwinyi. Vijana wote wako vitani. Waliobaki ni mimi, wajane, na kasisi. Na kasisi anakula kuliko anavyochuma."

Alasiri akaja Sándor Pócsik, karani wa kijiji. Huyu nilimtoa mimi. Alikuwa mtoto wa fundi viatu mwenye mwandiko mzuri. Nikamfanya mwandishi wa kampeni zangu, halafu nikamtafutia ukarani. Mtu safi, mwenye adabu, hapotezi karatasi. Ameahidi kunipatia kikosi cha kazi.

"Wayahudi arobaini, Mheshimiwa. Walikuwa wakichimba mahandaki, sasa hayahitajiki tena, Warusi wameshayapita."

Alisema hivyo bila kucheka.

4 Oktoba

Kikosi kimefika. Watu arobaini kwenye tope, na vitambaa vya njano mikononi. Mlinzi wao ni sajini mmoja mnene wa akiba, Kálmán Virágh, mwokaji mikate wa Miskolc, na askari wawili wazee wanaokohoa zaidi ya wafungwa. Tumewaweka kwenye jengo la kukamulia zabibu.

Nilishuka kwa fimbo niwaone. Nilikuwa nikipita mbele ya mstari kama jenerali mjinga, nikasikia sauti:

"Mheshimiwa mbunge wa Kőporos, naona bado unachechemea mguu wa kulia. Inakubidi uegemee upande wa serikali."

Nilimjua kwa sauti kabla ya sura. Artúr Ligeti, mbunge wa upinzani, aliyekuwa akikaa kiti cha tatu kutoka dirishani na kunikatiza kila nilipoanza kutoa takwimu za ngano. Alikuwa mtu wa kitambi na tai ya hariri. Sasa ana shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa.

"Mheshimiwa Ligeti," nikasema.

Sajini Virágh akaangua kicheko. "Sikilizeni haya! Wanaitana waheshimiwa, na mmoja wao kafunga viatu kwa waya!"

Wote wakacheka, wafungwa pia. Mimi sikuweza.

5 Oktoba

Bi Veronka kapika sufuria mbili za maharage na kabichi. Amesema kama nina pingamizi niseme kesho, leo hana nafasi.

8 Oktoba

Mvua nyepesi. Kikosi kinatengeneza mapipa. Sijashuka tena. Nimejiambia ni mguu.

11 Oktoba

Si mguu. Niandike ukweli hapa, maana kwingine sikuuandika.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1939 ililetwa bungeni sheria ya kuwafungia Wayahudi kazi, ardhi na kura. Kabla ya kura Ligeti alinikuta kwenye ujia, akaniuliza nitapiga ipi. Nikamwambia nitapiga ndiyo, kwa huzuni, ili kuzuia mambo mabaya zaidi. Nikamweleza kwamba tukiwapa wenye kelele kidogo, hawatadai kingi. Akasema, "Asante kwa huzuni yako, Mheshimiwa." Akaenda zake. Miezi mitano baadaye nikapandishwa Baraza la Juu.

Leo nimeshuka. Nilimkuta akipiga msasa pipa. Tulizungumza habari za mbao za mwaloni.

15 Oktoba, Jumapili

Saa saba mchana redio imesoma tangazo la Mtawala wa nchi: nchi imeshindwa, anaomba vita visimame. Mzee Mihály alivua kofia sebuleni. Bi Veronka alilia, akaenda akamchinja jogoo. Sajini Virágh alikuja mbio kuuliza kama sasa anaweza kurudi kwenye tanuri lake, na wafungwa wale wafanyeje, awaage au vipi.

Jogoo hakuwahi kuiva. Ulianza muziki wa kijeshi, halafu sauti nyingine. Watu wa Msalaba wa Mishale, chama cha mashati ya kijani, wameshika serikali, Wajerumani wamewashika mkono. Vita vinaendelea.

Tulimla jogoo hivyo hivyo. Alikuwa mgumu.

16 Oktoba

Pócsik kavaa shati la kijani. Limemkaa sawasawa mabegani, limepigwa pasi, vifungo vyote vipo. Shati kama hilo halishonwi kwa siku moja. Miaka mingapi lilikuwa kabatini mwake, mimi nikimwalika chakula cha Krismasi?

19 Oktoba

Mvua imekatika. Ukungu wa asubuhi, jua mchana. Mihály anatembea kati ya mistari akizisemesha zabibu kama bibi harusi.

25 Oktoba

Pócsik kaleta barua yenye muhuri. Alisimama wima nilipokuwa nikiisoma. Serikali mpya inaitisha Baraza la Juu, na wengi wamekimbia au wamefungwa. Wanataka majina makubwa. Wanamwalika Mheshimiwa Szentkútay arudi kwenye kiti chake, ale kiapo kwa maandishi, kisha afike. Wamedokeza hata uwaziri.

Miaka mitatu hakuna aliyenikumbuka. Naona aibu kuandika, lakini kwa dakika nzima moyo wangu ulifurahi. Kwenye bahasha walikuwa wameandika vyeo vyangu vyote, hata kimoja nilichokisahau.

"Hongera, Mheshimiwa," kasema Pócsik. "Nilijua siku yako itarudi."

"Na nikikataa?"

"Hukuwahi kukataa, Mheshimiwa. Ulijiuzulu mara moja tu, wakati wa likizo." Kisha akaongeza kwa upole uleule, "Kikosi chako kimeandikwa kwenye safari ya kwenda mpaka wa magharibi, kwa miguu. Tarehe thelathini. Mavuno utatafuta njia nyingine. Lakini mjumbe wa Baraza anaweza kuomba watu wa kazi. Ombi lake litasikilizwa."

Akaaga kwa kugonga visigino.

26 Oktoba

Niliamka nimeamua kukataa. Nilijisikia mwepesi kama sijawahi. Nikasema: hatimaye, Ödön, hapana moja safi kabla ya kufa. Nikashuka kumwambia Ligeti. Nakiri nilitaka anisifu.

Alikuwa ameketi juu ya kikapu, anakula mkate na mafuta ya nguruwe na kitunguu. Nilimsomea barua. Nilimwambia jibu langu. Aliendelea kutafuna.

"Watatuondoa lini?" akauliza.

"Tarehe thelathini."

"Nimeona kikosi kilichotangulia. Asiyeweza kutembea wanampiga risasi pale pale barabarani. Sisi hapa, kumi hawafiki hata mtoni." Akafuta kisu kwenye suruali. "Saini."

"Ligeti, unajua ni nini hiki? Ni kiapo kwa wauaji. Wataliweka jina langu gazetini."

"Wataliweka."

"Nilijiuzulu kwa ajili ya mambo madogo kuliko haya!"

"Ödön." Hakuwahi kuniita kwa jina maishani. "Mwaka thelathini na tisa ulipiga ndiyo kwa faida yako, ukaniambia ni kwa ajili yetu. Leo unataka kusema hapana, na hiyo pia ni kwa ajili yako. Upate kulala vizuri. Mimi sina shida na usingizi wako. Nataka wiki tatu. Warusi wameshafika Debrecen, si mbali. Tupe wiki tatu."

"Na watu watakaolisoma jina langu?"

"Watakutukana. Nami nikiwa hai nitawasaidia kukutukana, kwa furaha kabisa. Unataka nikupigie magoti? Magoti yangu mabovu."

Watu wengine walikuwa wanajifanya hawasikii. Kijana mwembamba mwenye miwani ya kioo kimoja alinitazama, akainamisha macho haraka, kama anayeogopa kwamba macho yake yataniharibia uamuzi.

Nilipanda nyumbani. Bi Veronka alikuwa mlangoni. Huwa anasikia kila kitu, sijui kwa njia gani.

"Mwinyi, wino uko mezani," kasema. "Nimeukoroga."

27 Oktoba

Nimesaini. Kwenye barua nimeomba kikosi kibaki hadi mavuno yaishe, na nimeomba udhuru nisisafiri Budapest kwa sababu ya mguu.

28 Oktoba, Siku ya Simoni na Yuda

Tumeanza kuvuna. Mihály aliwakusanya na kuwafundisha kuchagua tembe moja moja, zilizosinyaa peke yake, zilizo nzima peke yake.

"Polepole," akawaambia. "Zabibu hizi haziharakishwi. Atakayemaliza mstari kwa siku moja nitamchapa na fimbo ya Mwinyi."

Watu arobaini hawakuwahi kupewa amri wakaitii kwa moyo kama huo.

1 Novemba

Watakatifu Wote. Ruhusa imekuja, na muhuri: kikosi kibaki Kőporos hadi amri nyingine. Nimepeleka mshumaa kaburini kwa mke wangu.

5 Novemba

Gazeti limefika. Picha yangu ya zamani, masharubu meusi. "Mwinyi Szentkútay arudi kulitumikia taifa." Kasisi amenipa mkono wa baridi baada ya misa. Mjane wa mwalimu, ambaye mwanawe amefungwa na hao wa mashati ya kijani, alivuka barabara asinisalimie, akaingia mguu mzima kwenye dimbwi. Nilitaka kumwita. Nimwambie nini, mbele ya Pócsik?

Ligeti aliomba alione gazeti. "Picha imekupendelea," akasema, akakunja ukurasa akautia ndani ya kiatu.

9 Novemba

Mstari mmoja na nusu leo. Mihály amefurahi. Amesema kwa mwendo huu tutamaliza Pasaka.

13 Novemba

Mvua tena. Mguu. Sajini Virágh kaoka mkate jikoni kwa Bi Veronka. Wamegombana kuhusu hamira hadi nikasikia ghorofani. Ulikuwa mkate mzuri sana.

18 Novemba

Mizinga inasikika upande wa kusini, kama mtu anayehamisha makabati. Ligeti ana homa kidogo, lakini anachuma. Nimekaa naye kwenye ukuta wa mawe. Ameniambia mkewe na binti yake wako Budapest kwa rafiki, kwa majina ya kuazima. Akinieleza alinishika mkono wa koti, akauachia, akauliza bei ya mwaloni. Mtu mmoja alikuwa anapita.

Nilimwambia samahani kwa kura ile. Miaka mitano imenichukua, na sentensi yenyewe fupi.

"Nimesikia," akasema. Sikustahili zaidi.

21 Novemba

Pócsik kaja kuhesabu mistari iliyobaki. Akasema, "Mnavuna kama watu wanaosubiri mtu."

24 Novemba

Sajini Virágh aliingia saa mbili asubuhi bila kubisha. Amri imefika: kikosi kiondoke leo hii, na Pócsik anakuja na watu wenye silaha kukisindikiza, kwa kuwa walinzi hawaaminiki.

"Na ni kweli, Mheshimiwa," akasema, jasho likimtoka. "Mimi siaminiki hata kidogo. Nifanye nini?"

Mapango ya mvinyo chini ya kilima yanaingia ndani hatua mia nne, yana matawi, na tawi la mwisho babu yangu alilifunga kwa mapipa. Mihály alikuwa ameshaanza kuyasogeza kabla sijamaliza kusema. Watu wakaingia mmoja mmoja, kimya, na mablanketi. Askari wawili wazee wakavua kofia za jeshi, wakaingia nao.

Virágh akahesabu. Thelathini na moja. Wanane walikuwa mstari wa juu kabisa, kwenye ukungu mzito, hawajasikia. Kupiga kelele hatukuweza.

"Naenda mimi," akasema Ligeti.

"Una homa. Aende Mihály."

"Mihály akiondoka nani atarudisha mapipa? Wewe na mguu wako?" Akanitazama, karibu atabasamu. "Keti, Mheshimiwa. Nina hoja ya utaratibu." Akapanda, akapotea kwenye ukungu.

Virágh naye akaingia pangoni, Mihály akabaki kwenye mapipa, mimi nikasimama getini. Nilisikia nyayo zikishuka, nyingi mno. Walitokea kwenye ukungu wakiwa tisa, mikono kichwani, na nyuma yao watu sita wa mashati ya kijani chini ya makoti. Pócsik alikuja kwa njia ya juu. Yule kijana wa miwani alikuwa mbele.

Nilimwonyesha Pócsik karatasi yenye muhuri. Aliisoma yote, kwa adabu, mstari kwa mstari.

"Hii ni ya mwanzo wa mwezi, Mheshimiwa. Wengine wako wapi?"

"Wametoroka usiku."

"Watu thelathini?"

"Thelathini na mmoja. Sándor, nakuomba. Mimi ndiye niliyekutoa kwenye duka la viatu. Nakuomba hawa tisa."

Nadhani alitaka kunisaidia. Uso wake ulikuwa na ile hamu yake ya zamani ya kunipendeza. Kisha ukajifunga.

"Ni wewe uliyenifundisha kazi, Mheshimiwa. Ulisema karani mzuri haulizi orodha imeandikwa na nani."

Ni kweli, nilimwambia hivyo zamani. Nilikuwa nimekiona ni kichekesho.

Nilimshika Ligeti mkono. Mtu wa shati la kijani akanisukuma kwa kitako cha bunduki, nikaanguka kwenye tope, na fimbo yangu ikavunjika chini yangu. Ligeti aliinama kunisaidia. Wakamvuta. Hakusema neno la kukumbukwa. Alisema, "Usimwache Mihály ayasogeze mapema," wakamwondoa, wakaingia kwenye ukungu wakielekea barabara kuu. Nilisikiliza kama kuna risasi. Hakukuwa na risasi hadi karibu na daraja. Hapo nilisikia mbili.

Bi Veronka aliniinua. Hakunikaripia.

26 Novemba

Bi Veronka anashuka pangoni na ndoo mbili, juu kaweka maganda ya viazi. Mihály alikwenda darajani. Amezika wawili. Ligeti hakuwa miongoni mwao.

29 Novemba

Mizinga.

3 Desemba

Warusi wameingia bila vita. Walikunywa mapipa matatu ya mvinyo mpya ambao haujachacha, wakaumwa matumbo. Mihály akaenda kusogeza mapipa. Waliojificha walitoka wakiwa na ndevu, wakafumba macho kwa mwanga wa theluji. Virágh alimbusu Bi Veronka mashavu yote mawili, akazabwa kofi.

6 Desemba

Wameondoka wote, kila mtu kwao, kutafuta kama kuna mtu. Mmoja aliniachia anwani. Wengi hawakuaga, na ninawaelewa. Nyumba hii kwao ni ya baridi.

Habari za saba waliobaki kati ya wale tisa hatuna.

14 Desemba

Mizabibu ya juu haikuvunwa. Ndege wanakula.

18 Desemba, shuleni

Wamenichukua jana. Kamati mpya ya kuwachunguza waliotumikia mashati ya kijani ina watu watatu, mmojawapo mjane wa mwalimu. Niko kwenye chumba cha darasa la kwanza, nimeketi kwenye dawati dogo. Bi Veronka ameniletea mkate, soksi, na daftari hili, baada ya kumtukana mlinzi hadi akakubali. Pócsik alikimbia zamani, magharibi.

Leo asubuhi wameniita. Gazeti lilikuwa mezani.

"Hili ni jina lako?" akauliza mwenyekiti, fundi wa reli, mtu wa haki kwa ninavyoona.

"Ni langu."

"Ulisaini kwa kulazimishwa?"

Bi Veronka akapaza sauti kutoka ujiani: "Waulizeni wale thelathini na mmoja! Waulizeni, nyie vichwa vya kabichi!" Wakamfungia mlango. Wale thelathini na mmoja hawako hapa.

"Sikulazimishwa," nikasema. "Niliombwa. Na ningesaini tena."

Mjane akaweka kalamu chini. Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kuongeza.

"Ninalo," nikasema. "Mmeniuliza saini moja. Kuna kura niliyoipiga mwaka 1939, bungeni, na hiyo hakuna aliyeniomba. Iandikeni." Nikawasomea tarehe, jina la sheria, na waliokuwa wamekaa kushoto kwangu na kulia. Nikawaambia habari za Artúr Ligeti, kwamba aliukataa udhuru wangu siku ile na kwamba alipanda kilima. Nilizungumza kwa muda mrefu. Ilikuwa hotuba yangu ndefu kuliko zote, na hakuna aliyenikatiza.

Nilipomaliza, karani wao, msichana mwenye vidole vya wino, alipitia ukurasa wake kuanzia juu.

"Samahani, babu," akasema. "Hilo jina lako linaandikwaje? Sijawahi kulisikia."

Nikamtajia herufi, moja moja, polepole, hadi akaipata ya mwisho.